Triga ya Haji Lajbar

Kwa kina Haji Lajbar, mtu hapigi shabaha kabla ya Haji mwenyewe kupiga. Hata bwana harusi hapigi. Hata jua likizama na wali ukaganda mafuta.

Hilo tulilijua tangu harusi ya mjukuu wake wa kwanza. Kwetu, watu wa bwana harusi wakija kumchukua bibi harusi, upande wa mke huweka shabaha mlimani, yai juu ya jiwe, na wageni hawapewi bibi harusi mpaka walipige. Siku ile Haji alisimama asubuhi na bastola yake ya risasi sita, ile yenye tumbo linalozunguka, na alipoipata shabaha ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Bibi harusi alikuwa amesinzia na hereni zake, wakambeba kama gunia la unga.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, wazee wetu waliweka sharti: mwisho ni adhana ya alasiri. Muadhini akiita na yai bado ni zima, wageni wanywe chai warudi kwao, waje tena baada ya mavuno.

Nami nilikuwa nimeshasubiri mavuno mawili. Mara ya kwanza alifariki bibi yake Janas. Mara ya pili mvua ilikata barabara. Janas, mjukuu wa Haji, ndiye mchumba wangu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kupitia ufa wa mlango, siku aliyomletea baba magunia ya makaa. Vumbi la makaa lilimpigisha chafya mara saba, na kila akipiga chafya alimwomba radhi punda. Nikajiambia, mtu anayemwomba radhi punda, huyo naweza kuishi naye. Sikutaka mavuno ya tatu.

Wiki mbili kabla ya siku, alikuja kwetu Bakhtawara, binti wa Haji na shangazi wa Janas. Ni mjane mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde, lakini siku hiyo alinong'ona. Alikuwa na kitambaa cha mikate ya tanuri. Akaketi mbele ya baba, ambaye ni fundi wa silaha, akafunua mkate wa kwanza, wa pili, wa tatu, na chini yake ikatokea bastola.

"Ustad, huu si mkate," alisema.

"Naona, dada. Mkate hauna mtutu."

"Baba anadhani nimeipeleka kutiwa rangi kwa ajili ya harusi. Ole wako umwambie mtu."

Baba aliifungua kwanza, akachungulia matundu yote sita, akachungulia tena, ndipo akauliza, "Ina ugonjwa gani?"

"Yenyewe haina ugonjwa. Mgonjwa ni kidole cha baba. Viungo vimevimba kama tangawizi. Akivuta triga, mtutu unainama kama mbuzi anayekunywa maji, risasi zote zinaishia kwenye nyasi. Ilainishe, Ustad, kwa ajili ya watoto hawa wawili."

Baba akaielekeza ukutani, akavuta. Uso ukamkunjamana.

"Lo! Hii si triga, hii ni ndoo ya kisima."

"Basi sasa unajua. Na usithubutu kumwambia. Ukimwambia kidole chake kimezeeka, atapiga kwa kidole cha mguu ili akukomeshe."

Alipoondoka, baba aliiweka bastola mapajani mwangu.

Soko zima la Dara linazijua springi za Ustad Khaista Gul. Watu hutoka mbali kuzifuata. Wasichojua ni kwamba tangu macho ya baba yaanze kuona waya mmoja kama waya tatu, springi zote nazisokota mimi, uani, kati ya tanuri na banda la kuku. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu wetu alipoolewa Kohat na asije mwingine. Mdomo wangu haukupata mazoezi tangu hapo. Mgeni akiingia, mimi huingia jikoni. Lakini springi hainiulizi habari wala hainitazami usoni, tunaelewana.

"Wagma," baba aliniambia, maana ndilo jina langu, "unalijua somo."

Nalijua kama Alhamdu. Bastola ya namna ile ina springi mbili za kujali. Moja inakaa nyuma ya triga, kazi yake kuirudisha mahali pake. Nyingine inakaa ndani ya mpini, na hiyo ndiyo inayoisukuma nyundo igonge fataki, kile kidoa kidogo kilicho kwenye tako la risasi. Kidole kinapovuta, kinashindana na zote mbili. Anayetaka triga laini hubadilisha ile ya kwanza, akasugua vyuma mahali vinaposuguana, akaishia hapo. "Triga ni siagi, nyundo ni mkate," baba husema. "Siagi punguza upendavyo. Ukipunguza mkate, mtu atalala njaa."

Nikasokota springi nyembamba ya triga. Nikasugua vyuma kwa unga wa jiwe mpaka vikang'aa. Nikavuta. Ilikuwa nzuri. Kazi ilikuwa imekwisha pale pale, na laiti ningekuwa na akili ningekwenda kukanda unga.

Lakini baba alikuwa amekwenda mazishini, na mimi nikaanza kukifikiria kile kidole cha tangawizi. Nikalifikiria yai zima juu ya jiwe, na muadhini akipanda ngazi. Nikajiambia, kidogo tu. Nikafungua mpini, nikatoa springi ya nyundo, nikaweka niliyoisokota kwa waya mwembamba zaidi. Sasa triga ilikuwa kama kubonyeza zabibu. Nikatia risasi sita za soko letu, nikapiga kwenye shimo la mchanga la baba nyuma ya nyumba. Zote sita zililia. Mama aliziba sikio moja, kwa mkono mwingine akaendelea kukoroga dengu.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Kuna somo la pili la baba: springi ya mwenyewe hurudi na silaha yake. Hilo nalo nikalivunja. Ile springi nzee ya nyundo ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya nyumba yao. Kwa mavuno mawili kitu pekee nilichokuwa nacho kutoka nyumba ile kilikuwa pete iliyonipwaya. Nikaifunga springi kwenye pembe ya shali yangu, mafundo mawili, na Bakhtawara alipokuja kuchukua mkate wake nilikuwa jikoni.

Siku ikafika. Walinivika nguo nyekundu na shali ile ile juu yake, maana nilikataa nyingine kwa kutikisa kichwa mpaka mama akachoka. Wakanipaka hina mikononi. Wakaniketisha kwenye chumba chenye dirisha la kutazama mlima, wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Bibi harusi kwetu hasemi. Anainamisha kichwa na kunyamaza mpaka afike kwa mumewe, na anayefungua mdomo atataniwa mpaka meno yamtoke. Kwa mtu kama mimi hiyo haikuwa adhabu, ilikuwa likizo.

Kaka yangu Sartor alipanda mlimani akaliweka yai juu ya jiwe. Chini, Haji Lajbar alitoka mbele ya watu wake, kilemba cheupe, ndevu nyekundu kwa hina. Kutoka kwenye fulana yake ya sufu akatoa kopo la chuma lenye kutu mdomoni.

"Risasi hizi," alitangaza, "nimezitunza miaka thelathini. Nilisema, nitazipiga siku ya Janas. Si takataka hizi zenu za sokoni."

"Haji, zisije zikawa zimestaafu!" mjomba wangu alimpigia kelele.

"Wewe ndiye umestaafu, hata mkeo anajua!"

Watu wakacheka. Haji akatia risasi sita, akainua mkono, akavuta.

*Tik.*

Mimi nilikuwa nimeshainamisha kichwa, sikuona kitu. Lakini sauti ile niliisikia vizuri. Nyundo yenye afya husema *tak*. Hii ilisema *tik*, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kufunguliwa.

Haji alingoja kidogo huku mtutu ukitazama mlima, kama anavyofanya mtu mwenye adabu kwa risasi iliyokataa. Akavuta tena. *Tik.* Tena. *Tik.*

Wanawake wa upande wetu hawakuhitaji ruhusa. Walijazana dirishani wakaimba:

"Piga, Haji, piga, yai linapata joto!
Likianguliwa, Haji, utalea watoto!"

"Babu, chukua risasi za hawa," nilisikia sauti ya Janas. Ilikuwa sauti ya yule wa punda, siwezi kuikosea. "Za sokoni zinalia vizuri tu."

"Miaka thelathini nimezitunza, leo nizitupe nipige za kuazima kama muuza mbuzi? Nyamaza, bwana harusi hasemi!"

"Anayenyamaza ni bibi harusi, babu."

"Nanyi nyote wawili mnyamaze!"

Hapo nilielewa kila kitu. Fataki za risasi za soko letu ni laini kama ngozi ya nyanya, nyundo ikizigusa tu zinalia. Zile za kopo zilikuwa za zamani, zenye fataki nene. Zilitaka nyundo yenye nguvu ya mkate mzima, nami nilikuwa nimemwachia Haji makombo. Bastola haikuwa na kosa, risasi hazikuwa na kosa, kidole cha Haji hakikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa ameketi amevaa nyekundu.

Haji alipiga *tik* sita, akatia nyingine sita, akapiga *tik* sita nyingine. Ikaletwa habari kwamba chakula kiko tayari. Haji akasema watu wale kwanza, huenda risasi zinaona haya kulia mbele ya wenye njaa. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafika kwenye mti wa forosadi. Kikivuka shina lake, ni alasiri.

Bakhtawara aliingia chumbani na sinia la wali, amekunja uso. Alipoinama mbele yangu kuliweka chini, nilimshika mkono wa nguo. 

"Shangazi," nilisema, "niletee bastola."

 Mtu alidondosha kikombe.

"Bibi harusi anaongea!" alisema bibi mmoja wa pembeni, kama anayesema paka anaongea.

"Unataka kumpiga nani, mwanangu?" Bakhtawara alininong'oneza. "Sisi ndio jamaa zako sasa."

Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili, nikamwonyesha springi nyeusi kwenye kiganja chenye hina. Aliitazama. Akaitazama mikono yangu, zile alama za waya kwenye vidole ambazo hina haiwezi kuficha. Akamtazama mama. Mama akapata kazi ya ghafla ya kupanga vikombe.

"Wewe?" Bakhtawara alisema. "Springi za Ustad ni wewe?"

Nikainamisha kichwa. Maneno yangu ya siku yalikuwa yamekwisha.

Hakuuliza tena. Alitoka, na sauti yake ya mbuzi tukaisikia uani: "Baba! Mpini umejaa jasho na mafuta ya nyama. Nipe nikufutie, mtu mzima unatia aibu!" Haji alinguruma, lakini mikono ilikuwa imejaa mfupa wa kondoo. Bakhtawara akarudi na bastola chini ya sinia la mifupa.

Niliifungua kwanza, nikatoa risasi zote sita, nikachungulia matundu, nikachungulia tena. Kwenye tako la kila risasi kulikuwa na alama ndogo, kama ukucha wa mtoto wa paka. Mama akanisukumia bisibisi ya cherehani yake bila kunitazama.

"Imbeni!" Bakhtawara aliwaamuru wanawake. "Imbeni kwa nguvu, mnangoja nini?"

Wakaimba. Nami nikafungua skrubu ya mpini, bangili zikilia, nikabonyeza springi niliyoisokota mwenyewe, nikaitoa. Nikaibana ile nzee ili niitie mahali pake. Hina ilikuwa bado na unyevu. Ikateleza.

Springi iliyobanwa ikiachiwa haiagi mtu. Iliruka juu ya taji langu, ikagonga taa, ikapotea.

Wimbo ulikatika katikati. Wanawake wote walikuwa wamepiga magoti, wanapapasa zulia, wanainua mito, wanakunguta watoto. Dirishani kivuli kilikuwa kimegusa shina la forosadi.

"Wali wa leo," alisema shangazi mkuu wa baba, Bibi Mirwaisa, ambaye hasikii na alikuwa hajaacha kula tangu sinia liingie, "mpishi ametia iliki za namna gani? Hii inarudisha meno."

Bakhtawara alimrukia. "Tema! Bibi, tema!"

"Nini?"

"TEMA ILIKI!"

Akaitema kwenye kiganja chake, nyeusi, ina punje mbili za wali. Nikaifuta kwa shali. Safari hii niliibana kwa kitambaa, nikaiingiza, nikakaza skrubu. Springi yangu ya triga niliiacha mahali pake, ile siagi. Nikavuta mara moja, tumbo likiwa tupu, mtutu ukitazama ukuta wa nje. *Tak.* Ilikuwa nzito kuliko zabibu, lakini nyepesi mno kuliko ndoo ya kisima. Bakhtawara akaichukua na risasi zake na kuondoka mbio.

Nikamsikia Haji akisema, "Umeifuta ama umeifua?"

"Piga, baba, maneno baadaye."

Alisimama. Tukasikia kwenye kipaza sauti cha msikiti muadhini akikohoa, maana huyu wetu hukohoa mara tatu kabla ya kuanza. Alikohoa mara ya kwanza.

Bastola ikalia. Kunguru wote wa mlima wakaruka. Mawe yakatimka kando ya yai, na hata Haji mwenyewe, walivyonisimulia, aliitazama bastola kama inayomjua kwa jina.

Muadhini akakohoa mara ya pili.

"Taratibu, babu," alisema Janas.

"Nimekuambia bwana harusi hasemi."

Ikalia tena. Sartor akapiga kelele kutoka mlimani, na mbwa wa jirani akakimbia kwenda kulamba kiini kwenye jiwe. Muadhini akakohoa mara ya tatu na kuita, na watu wa Haji wakaitika adhana huku wakicheka na kukumbatiana. Nami nilicheka ndani ya shali, bila sauti.

Nilipokuwa naondoka, watu wanne walilibeba sanduku langu.

"Mmemtilia mawe?" mmoja alilalamika.

"Malihafu," alisema baba. Alikuwa amesimama karibu na punda, anamfunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. "Malihafu ya kujifunika wakati wa baridi."

Nilipolifungua kesho yake nilikuta malihafu, ni kweli. Ndani yake alikuwa ameviringisha jiliwa yake, ile ndogo ya kubania springi, na tupa tatu na bunda la waya. Hiyo jiliwa ndiyo aliyoanzia kazi.

Lakini kabla ya kesho yake kulikuwa na kuonwa uso. Jamaa wa mume huingia mmoja mmoja, wanainua shali, wanatoa zawadi. Haji Lajbar aliingia wa kwanza, maana pale hakuna anayefanya kitu kabla yake. Akaketi. Hakuinua shali. Alitoa bastola, tupu, imefunguliwa, akaiweka mbele yangu kwenye mwanga wa taa.

"Bakhtawara anasema aliifuta," alisema.

Nikaivuta shali chini zaidi.

"Sasa tazama hapa, karibu na skrubu." Palikuwa na alama ya dole gumba, ya rangi ya chungwa, mistari yote inahesabika. "Anafuta kwa hina? Mjane? Au Ustad Khaista Gul siku hizi anajipaka hina akisokota springi?"

Bakhtawara, mlangoni, alianza kukohoa kama muadhini.

"Miaka ishirini nimeivuta triga hii kwa meno," Haji alisema. "Leo imekuja yenyewe kama paka aliyeitwa. Sikuuliza mbele za watu, maana wangesema kidole cha Haji kimezeeka. Hakijazeeka."

"Hapana, babu," nilisema. Sijui ilitokaje.

"Ahaa. Kwa hiyo ulimi upo. Basi niambie, ni nani?"

"Ni mimi, babu."

Aliinamisha kichwa mpaka nikadhani amesinzia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ndevu zile nyekundu, na nilipothubutu kutazama nilimwona anacheka kwa namna ya mtu anayeogopa kusikika nje. Akatia mkono kwenye fulana ya sufu. Nilidhani anatoa zawadi. Akatoa bastola ya pili, nzee kuliko ya kwanza, imeviringishwa kwenye leso.

"Hii ni ya rafiki yangu mmoja," alisema kwa kunong'ona. "Jina lake halikuhusu. Naye kidole chake hakijazeeka. Mjukuu wake anaoa mwezi ujao."

Nikaipokea. Nikaifungua, nikachungulia matundu.

Haji aliinuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Lainisha triga tu, mwanangu," alisema. "Nyundo usiiguse."